Mwari, majaji na mafuta: riwaya ya Grisham inavyosomeka Pwani

Ukikaa katika baraza lolote la kujadili mradi mkubwa hapa Pwani, iwe ni bandari, makaa ya mawe, chumvi au miwa, hutakosa kusikia swali moja, na mara nyingi anayeliuliza ni mtu wa upande wa mwekezaji: "Nyinyi mnataka ndege au mnataka kazi?" Watu hucheka. Swali limekusudiwa kuchekesha, maana kicheko kikishatoka, aliyesimama kuuliza habari za maji na matope huketi chini akiwa ameshafanywa mtu wa kupenda vindege kuliko watoto wa jirani zake.

Nataka kulijibu swali hilo kwa njia ya mzunguko kidogo, kupitia riwaya ya kesi na mauaji ambayo jina lake limebeba ndege. Ni The Pelican Brief ya John Grisham, mwanasheria wa Marekani aliyegeuka mwandishi. Ilitoka mwaka 1992, na mwaka uliofuata ikawa filamu ya Julia Roberts na Denzel Washington. Huyo ndege ni mwari. (Si mwali wa arusi, ingawa kwa mwendo wake wa polepole ufukweni ungedhani amepakwa hina na anaogopa kuikanyagia mchanga.) Wetu wa Sabaki na Tana ni weupe au wenye mgongo wa waridi, na huvua wakiwa wanaelea, wakichota maji kwa ule mfuko wa chini ya mdomo. Yule wa Grisham ni wa rangi ya hudhurungi, wa pwani ya Louisiana, naye huvua kwa kujirusha kutoka angani na kupiga mbizi kichwa mbele.

Kisa chenyewe ni hiki. Majaji wawili wa Mahakama ya Juu ya Marekani, Rosenberg na Jensen, wanauawa usiku mmoja. Mmoja ni mzee wa mrengo wa kushoto, mwingine ni mhafidhina, na polisi wote wa Washington hawaoni kilichowaunganisha. Mwanafunzi wa sheria wa Chuo Kikuu cha Tulane, New Orleans, kwa jina Darby Shaw, anajifungia maktaba na kujiuliza swali ambalo mpelelezi yeyote angepaswa kuanza nalo: nani atafaidika? Anagundua kwamba majaji hao, pamoja na tofauti zao zote, walikuwa wakiamua kwa namna moja katika kesi za mazingira. Anaipata kesi moja ndogo, ambayo haijulikani na wengi. Bwenyenye wa mafuta, Victor Mattiece, amegundua mafuta chini ya vinamasi vya Louisiana, anataka kuchimba mfereji katikati yake, na kikundi cha wahifadhi kimemzuia mahakamani kwa sababu vinamasi hivyo ni makazi ya mwari, ndege aliyekuwa katika orodha ya viumbe walio hatarini. Rufaa itafika Mahakama ya Juu baada ya miaka michache. Mattiece ni rafiki mkubwa wa fedha za kampeni za Rais. Waondoe majaji wawili, Rais ateue wengine, na kesi imeisha kabla haijasikizwa. Darby anayaandika haya, maandishi yanafika Ikulu, na kuanzia hapo kila anayeyasoma anaanza kufa.

Kama riwaya, ni ya kusoma safarini. Mwari mwenyewe haonekani sana, na wavuvi wa vinamasi vile, watu wanaoishi kwa kamba na chaza, hawana sauti kabisa. Grisham ametupa wakili, mwandishi wa habari, muuaji wa kukodiwa na mkurugenzi wa FBI. Mwenye mtumbwi hayumo. Nadhani hapo ndipo swali la "ndege au kazi" linapopata nguvu zake, kwa sababu hata mwandishi aliyewatetea ndege amewasahau watu waliosimama nao kwenye matope yale yale.

Lakini kuna jambo moja Grisham aliliona vizuri. Katika kesi ya mazingira, pigano la kwanza si juu ya ukweli wa mambo. Ni juu ya nani ataisikiza kesi, na nani ana ruhusa ya kuifungua.

Tuanze na hilo la pili. Juni 1992, mwaka ule ule wa riwaya, Mahakama ya Juu ya kweli ya Marekani ilitoa uamuzi katika kesi iitwayo Lujan dhidi ya Defenders of Wildlife. Wahifadhi walilalamika kwamba serikali yao inafadhili miradi ya nje bila kuangalia madhara kwa wanyama walio hatarini. Wanachama wao wawili walieleza kwamba mmoja aliwahi kwenda Misri kwenye makazi ya mamba wa Nile, mwingine Sri Lanka kwenye makazi ya tembo na chui, na kwamba wana nia ya kurudi. Jaji Antonin Scalia aliandika kwamba nia ya kurudi siku moja haitoshi. Hawana mpango kamili wa safari, kwa hiyo hawajaumia, kwa hiyo hawana haki ya kusimama mahakamani. Hakuna aliyepigwa risasi. Mlango ulifungwa kwa kalamu, na kikundi kama kile cha riwaya kikajikuta na mlima mrefu zaidi wa kupanda.

Sisi tulikuwa na mlango huo huo, tena ukiwa na kufuli zito zaidi. Mwaka 1989 Profesa Wangari Maathai alikwenda mahakamani kuzuia jengo la ghorofa 60 ndani ya Uhuru Park, na kesi ikatupwa kwa sababu hakuonyesha kwamba yeye binafsi angedhurika kuliko Mkenya mwingine. Jengo lilikufa baadaye kwa kelele za watu na wafadhili kujiondoa, si kwa amri ya jaji. Ndiyo maana kifungu cha 70 cha Katiba ya 2010 kinanifurahisha kila ninapokisoma. Kinasema anayedai haki ya mazingira safi hahitaji kuonyesha kwamba kuna mtu amepata hasara au ameumia. Mzee wa Faza anaweza kumtetea kasa asiyemfuga. Mwanafunzi wa Gongoni anaweza kuutetea mto bila kuwa na shamba kando yake. Kwa jambo hili sheria yetu imeipita ya Marekani, na sijui kwa nini hatulisemi kwa sauti.

Sasa lile la kwanza, la nani atasikiza. Mattiece wa riwaya aliua ili kuchagua majaji. Walio nje ya riwaya hutumia njia tulivu zaidi. Aprili 2025, baraza la wazee wa mahakama katika wilaya ya Plaquemines, hapo hapo Louisiana, liliiamuru kampuni ya Chevron kulipa zaidi ya dola milioni 740 kwa uharibifu wa vinamasi uliofanywa na Texaco, kampuni iliyoinunua. Ni moja tu ya kesi nyingi za aina hiyo zilizofunguliwa na wilaya za pwani. Na hoja ambayo makampuni yamepigania kwa miaka mingi si kama mifereji ilichimbwa au haikuchimbwa. Wanataka kesi zitolewe mahakama za jimbo, mbele ya wenyeji walioona ardhi yao ikizama, zipelekwe mahakama za serikali kuu. Mojawapo ya sababu walizotoa ni kwamba baadhi ya mafuta hayo yalitengenezewa ndege za kivita wakati wa Vita vya Pili vya Dunia. Mwaka 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani ilikubali kuisikiza hoja hiyo. Miaka zaidi ya 30 baada ya riwaya, bado ni vinamasi vya Louisiana, bado ni mafuta, na bado swali ni jaji yupi.

Hapa kwetu, Tume ya Huduma za Mahakama ilipendekeza majaji 41 mwaka 2019. Kati yao, 20 walikuwa wa Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ile inayosikiza kesi za mashamba yetu, fuo zetu na mikoko yetu. Majina hayo yalikaa Ikulu karibu miaka miwili. Juni 2021 Rais Uhuru Kenyatta aliwateua 34 na kuwaacha sita, akitaja masuala ya uadilifu. Wawili kati ya hao sita walikuwa wa mahakama hiyo ya mazingira. Waliapishwa Septemba 2022 na Rais William Ruto. Sisemi kwamba kulikuwa na mwenye mafuta nyuma ya pazia, na sina sababu ya kudhani hivyo. Ninachosema ni kwamba katika muda huo wote mtu wa Kilifi au Tana River mwenye kesi ya ardhi alikuwa akipewa tarehe, kisha tarehe nyingine. Grisham alihitaji muuaji mwenye bunduki kuziacha nafasi mbili za jaji zikiwa tupu. Kwetu ilitosha karatasi kutotiwa sahihi.

Rudi kwa mwari wa kweli, kwa sababu kisa chake ni kizito kuliko cha riwaya, na kina mahakama ndani yake.

Louisiana humwita ndege huyu nembo ya jimbo, lakini kufikia mwaka 1963 hakukuwa na hata jozi moja iliyokuwa ikitaga huko. Mwindaji hakuwa na hatia. Ilikuwa ni sumu za wadudu. Moja, endrin, iliteremka na mto Mississippi, ikaua samaki na wala samaki. Nyingine, DDT, haikumuua ndege mkubwa papo hapo; ililainisha maganda ya mayai, mama akilalia yanapasuka chini yake. Aliyesimama ufukweni angeona ndege wazima, wazuri, wanaruka, wala asijue kwamba hakuna kinda hata mmoja atakayetoka. Serikali ya jimbo ililazimika kuleta makinda zaidi ya 1,200 kutoka Florida, kati ya 1968 na 1980, ili kuanza upya.

DDT nayo haikuondoka kwa hisani. Mwaka 1966 kikundi kidogo cha wanasayansi na wakili mmoja huko Long Island, New York, waliishtaki idara ya kudhibiti mbu ya wilaya yao, wakitumia mayai ya ndege mwingine wa pwani, wa jamii ya kipanga, alaye samaki. Mwaka uliofuata wakaunda shirika la Environmental Defense Fund, wakaendelea kuifuata serikali mahakamani, na mwaka 1972 DDT ikapigwa marufuku kwa karibu matumizi yote nchini humo. Mwari alipona polepole. Novemba 2009 aliondolewa kabisa katika orodha ya walio hatarini.

Miezi mitano baadaye, tarehe 20 Aprili 2010, mtambo wa Deepwater Horizon ulilipuka katika Ghuba ya Mexico. Wafanyakazi 11 walikufa. Mafuta yalimwagika kwa siku 87. Picha iliyozunguka dunia ilikuwa ya mwari aliyefunikwa mafuta, macho tu yakionekana.

Wengi hukumbuka picha hiyo na kuishia hapo. Mimi nadhani kilichofuata ndicho chenye faida kwetu. Kesi iliamuliwa New Orleans, mji ule ule wa Darby Shaw. Mwaka 2014 Jaji Carl Barbier alisema BP ilifanya uzembe mkubwa, na mwaka 2016 aliidhinisha makubaliano ya zaidi ya dola bilioni 20. Sehemu kubwa ya fedha hizo ilitengewa kurudisha mazingira, kwa sababu sheria ya Marekani inawahesabu ndege, samaki na nyasi za kinamasi kuwa mali ya umma iliyowekwa amana. Ukiharibu, unalipa kama aliyevunja ukuta wa mtu. Na ili ulipwe, lazima ujue kulikuwa na ngapi kabla. Watu walikuwa wamewahesabu mwari wa Louisiana mwaka baada ya mwaka, kisiwa baada ya kisiwa. Kisiwa cha Queen Bess, walikotua wale ndege wa kwanza kutoka Florida, kilikuwa kimebaki na takriban ekari tano zinazofaa kutagia. Kwa fedha za kesi kilijazwa upya, na mwaka 2020 kikawa na zaidi ya ekari 30.

Kwa hiyo ukiniuliza "ndege au kazi", jibu langu ni kwamba mahakamani ndege ni kipimo. Hatoi ushahidi wa kutungwa, wala hanunuliwi. Anakula samaki tunaowala, kutoka maji tunayovua.

Angalia wanaoishi mdomoni mwa Sabaki. Mto huo ndio Athi ya juu, unaopokea maji machafu ya Nairobi, ukapita Tsavo ukiitwa Galana, ukamwagika kaskazini ya Malindi pamoja na matope yake mekundu. Kinachotupwa huko juu kinaishia kwa mwari na kwa mvuvi wa Mambrui. Sumu ya Mississippi ilisafiri hivyo hivyo.

Na pale tulipokosa ndege wa kutuonya, walionya watoto. Owino Uhuru, Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilijaza risasi katika damu ya watu. Kesi ilichukua miaka: Mahakama ya Mazingira na Ardhi iliwapa wakazi shilingi bilioni 1.3 mwaka 2020, Mahakama ya Rufaa ikaitangua fidia hiyo 2023, Mahakama ya Juu ikairudisha Desemba 2024. Hakuna riwaya iliyonisisimua kama mfululizo huo, na hakuna iliyoniudhi kama urefu wake.

Kuna pingamizi moja ambalo sitaki kulipita kwa haraka, kwa sababu linatoka kwa wavuvi wenyewe, nami nalikubali kwa sehemu kubwa. Wanasema uhifadhi nao umewahi kuwafukuza. Hifadhi za bahari za Malindi na Watamu zilitangazwa mwaka 1968, na wenye mitego waliondoka. Msitu wa Arabuko-Sokoke una ndege adimu, na jirani zake wana historia ndefu ya kukamatwa kwa mzigo wa kuni. Mtu wa namna hiyo ukimwambia kinamasi kinalindwa kwa ajili ya mwari, anasikia kwamba kesho kitawekewa ua. Ana haki ya kusikia hivyo.

Ndiyo maana hukumu ya Tana Delta ni muhimu kuliko inavyotajwa. Mradi wa miwa wa hekta zipatazo 20,000 uliokuwa ukisukumwa na TARDA na Mumias ulipingwa na watu wa huko wenyewe, na Februari 2013 Mahakama Kuu iliamuru kuandaliwe mpango wa matumizi ya ardhi ya delta, wenyeji wakishirikishwa. Hoja haikuwa ndege peke yake. Ilikuwa malisho ya kiangazi, mashamba ya mpunga, njia za maji, na ndege pia. Hukumu hiyo ilikuja wakati delta ilikuwa bado inazika watu, baada ya mapigano ya 2012 yaliyoua zaidi ya watu 100. Aliyedhani mgogoro wa kinamasi ni mchezo wa watazama-ndege angekwenda Tarasaa mwaka huo.

Lamu nayo ilitufundisha jambo la kiutaratibu. Leseni ya kiwanda cha makaa ya mawe cha Kwasasi ilifutwa Juni 2019 na jopo la kitaifa la kesi za mazingira, na sababu kubwa haikuwa moshi. Jopo lilisema umma haukushirikishwa ipasavyo: mikutano ilifanywa kabla ya utafiti, na ripoti yenyewe ilipokuwa tayari watu hawakurudiwa. Mradi wa mabilioni uliangushwa na daftari la mahudhurio.

Kwa hiyo tukisikia tena habari za mradi mpya, kama tulivyozisikia za mtambo wa nyuklia wa Uyombo, hatua chache kutoka Mida ambako ndege wa kutoka Ulaya na Asia hulisha kila msimu, ningependa maswali yawe ya namna hii. Mkutano ulifanyika kabla ya ripoti au baada yake? Ripoti ilisomwa kwa lugha gani? Ilieleza nini kuhusu idadi ya samaki na ndege waliopo leo, na nani aliwahesabu? Kwa miaka mingi watu wa kujitolea, pamoja na Nature Kenya na Makavazi ya Kitaifa, wamehesabu ndege wa majini kila Januari, na A Rocha huwavalisha pete ndege wa Mida. Takwimu hizo zipo. Vikundi vya wavuvi, BMU zetu, navyo vina madaftari ya mizani ya kila siku, na nimeona mengine yakifungiwa samaki. Hayo ni vielelezo vya kesi ambayo bado haijafunguliwa.

Na kuna muda. Anayetaka kupinga leseni ya NEMA mbele ya lile jopo ana siku 60. Tangazo la ripoti hutoka katika gazeti rasmi la serikali na magazeti ya Nairobi, mara nyingi kwa Kiingereza, kwenye kurasa za katikati karibu na matangazo ya zabuni. Anayelisoma ukumbini kwa chifu kwa kawaida analisoma siku nyingi zikiwa zimeshakwenda.